Ndege Yenye Uzito

Jumatatu, 4 Agosti
Mjukuu wangu, Pilipili, anatimiza miaka minane Alhamisi. Anataka ndege ya kurushwa kwa rimoti. Shule zinafungwa, na mama yake kasema mwaka huu mtoto mwenyewe atachagua likizo aende kwa bibi yupi: mimi, au mkwe mwenzangu, yule mwalimu mstaafu. Mwaka jana alipelekwa kwa Mwalimu. Kitanda nilichomtandikia kilikaa mwezi mzima bila mkunjo. Safari hii hanipokonyi mtu!

Jumanne, 5 Agosti
Duka la midoli. Mwenye duka, mzee mwenye miwani, kanipa ndege ya lile povu jeupe linalofungiwa televisheni. Nyepesi kama salamu za Mwalimu. Kasema ndege ya kwanza ndivyo inavyotakiwa: nyepesi, ya polepole, mabawa mapana, ikianguka haivunjiki. Nikamuuliza kwa nini aniuzie kitu kilichojiandaa kuanguka. Mimi nimeuza masufuria miaka arobaini. Shule sikuiona, herufi nilijifunzia kwenye matako ya masufuria. Sufuria jepesi linaunguza! Nikazipima zote kwa mkono, nikachukua ya kivita, nzito kama jiwe la kusagia. Akasema hiyo ni ya mabingwa. Nikamwambia basi bingwa kapatikana, afunge.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeijaribu kwa siri, nyuma ya kiwanda cha matofali. Ikapaa! Nikapiga vigelegele. Kisha ikageuka, ikanijia usoni. Naielekeza kushoto, inakwenda kulia. Nikaikaripia. Wapi! Imejichomeka kwenye tofali bichi mpaka mkia. Fundi matofali kauliza, mama, hii ndege au sululu? Mshenzi. Nimenyoosha bawa kwa nyundo, nikaliongezea kipande cha bati. Sasa imara.

Alhamisi, 7 Agosti
Mwalimu kaja na ya povu. Kijitabu chake kakisoma chote, anamwelekeza mtoto: ikija upande wako, kushoto kwake ndiko kulia kwako. Halafu kanigeukia, kwa upole ule wake wa sumu, eti nisijali, mkwe wangu, si kila mtu alipata bahati ya kusoma.
Ya povu ilianguka mara sita, ikaokotwa mara sita. Pilipili alicheka mpaka kwikwi. Yangu ilikimbia chini uwanja mzima kama kuku aliyelowa. Haikunyanyuka hata kidole. Pilipili akanikumbatia kiunoni, akasema, Bibi, usilie. Nikamwambia vumbi.

Ijumaa, 8 Agosti
Kaenda kwa Mwalimu. Mama yake kanipigia simu, ananibembeleza: mama, ni ndege tu. Ndege tu! Mimi ndiye niliyemkanda mtoto huyu tumbo alipokuwa hajakauka kitovu. Mwalimu alikuwa wapi? Alikuwa anasoma!
Shuka nimezitandua, nimezifua kwa hasira. Moja imechanika.

Jumapili, 10 Agosti
Nimelala nikiwaza, nimeamka na akili. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la hewa. Hewa haina nguvu ya kubeba kitu cha maana. Maji ndiyo yenye nguvu. Likizo ya Desemba haiko mbali, na bwawa liko hapa nyuma.
Mzee wa duka aliponiona alivua miwani. Akanionyesha boti ya povu, akasema kwa mtoto anayeanza, mama, hii ndiyo hasa.
Nikamwambia aniteremshie ile ya chuma.