Wimbo Wangu Ulivyoanzisha Msiba Mkolani

Jamani, leo sina pa kuuficha uso. Na uso wenyewe una unga wa muhogo ambao mpaka sasa umegoma kutoka.

Wengi humu mnanijua mimi Shija kama mpiga kinanda wa kwaya. Ni kweli. Jumapili napiga kinanda, siku nyingine narekodi kwaya za watu chumbani kwangu hapa Mkolani. Ila nina mambo yangu mengine ambayo nilikuwa sijamwambia mtu. Nachukua nyimbo za kale za Ulaya, zile za zama za kati, enzi za watawa na wapiganaji wa farasi. Naziimba upya kwa Kilatini (Kilatini chenyewe najisomea kwenye simu, msiniulize maswali). Halafu chini yake natia midundo ya kompyuta na yale magitaa mazito ya gothiki. Kwa msioijua gothiki: ni muziki wa watu wanaovaa nyeusi na kuhuzunika kwa hiari yao. Hawajafiwa. Wanapenda tu.

Mtu ambaye hakutakiwa kujua kabisa ni baba yangu, Mzee Masanja, mkulima wa Misungwi. Mzee aliuza ng'ombe, tena ng'ombe wa maziwa, ili mimi ninunue kinanda na kompyuta nimtumikie Mungu kwa nyimbo. Siku akijua ng'ombe wake ameishia kwa watu wanaohuzunika kwa hiari, nimekwisha. Hata kunigombeza asingenigombeza. Angenyamaza. Na mzee wangu akinyamaza, bora akuchape.

Haya. Leo asubuhi nilikuwa namalizia wimbo mmoja wa maombolezo. Mjane anamlilia mume wake aliyekwenda vitani hakurudi. Nimeuimba mwenyewe kwa sauti ya juu ya kike, mara kumi na mbili, nikazipandanisha zote, ikawa kundi zima la wajane. Mwenyewe nilisikiliza vinyweleo vikanisimama. Kilikosekana kitu kimoja tu: mwangwi. Nyimbo hizi ziliimbwa kwenye makanisa ya mawe, sauti inagonga ukuta inarudi. Kompyuta ina mwangwi wake wa kubuni, lakini ukiuweka unasikika kama mtu anaimba ndani ya ndoo.

Nikawaza. Mawe? Mwanza hii tukose mawe?

Nyuma ya nyumba ninayopanga kuna rundo la mawe makubwa kuliko nyumba yenyewe. Nikatoa spika ya kwaya (ile kubwa, nilipewa niitengeneze waya), nikaielekeza kwenye mawe, nikafungulia sauti mpaka mwisho. Mimi nikapanda nikajibanza kwenye ufa, maikrofoni mkononi, hedifoni masikioni. Sauti inatoka, inagonga mwamba, inarudi, mimi naidaka. Weee! Ilikuwa tamu! Nikarudia. Nikarudia tena. Nadhani nilirudia mara tisa.

Na kwa kuwa nilitaka na video kidogo ya simu, nilikuwa nimevaa rasmi. Joho la zamani la kwaya, nimelichovya rangi nyeusi. Uso nimepaka unga wa muhogo uwe mweupe. Wanja kuanzia machoni mpaka mashavuni. (Najua. Msiseme kitu.)

Sasa mimi ni Msukuma wa kuzaliwa huku huku, najua kabisa watu wakisikia kilio saa nne asubuhi wanafanya nini. Hawapigi simu kuuliza. Hawasubiri tangazo. Wanaacha walichoshika, wanakwenda. Maana usipoonekana kwenye msiba wa mwenzio, siku ya wako utakaa na nani? Yote hayo nayajua. Leo niliyasahau kwa sababu ya mwangwi.

Nilipotosheka nikashuka, nikazima spika, nikazunguka kona kuja mbele ya nyumba.

Nikakuta turubai.

Turubai la bluu, limeshafungwa upande mmoja kwenye mwarobaini na upande wa pili kwenye nondo za dirisha langu. Chini yake wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki, wameshika tama. Upande wa pili wanawake kama thelathini, khanga kiunoni, wengine wanatua kuni kutoka kichwani, wengine wanamimina unga kwenye beseni. Sufuria la maji lipo motoni tayari. Mimi kichwani likaja swali moja tu: Mungu wangu, nani kafa?

Nikamwona Mama Sabina, mama mwenye nyumba wetu. Yeye asubuhi alikwenda sokoni Mkuyuni kuuza nyanya. Kapigiwa simu, karudi, na nyanya zake zote ameziweka kwenye mchango wa mboga. Nikamkimbilia.

"Mama, kuna nini? Nani amefariki?"

Aliponiona na lile joho na ule uso, alipiga yowe.

"Jamaniii! Mtoto amechanganyikiwa! Kajipaka majivu!"

Wanawake wakanidaka. Wawili mikono, wawili miguu, mmoja kichwa. Nikalazwa kwenye mkeka.

"Pole, baba. Lia. Usijibane," Mama Sabina akasema.

"Mama, hakuna msiba hapa!"

"Ndiyo, mwanangu, hakuna." Kisha akawageukia wenzake. "Anakataa. Ndiyo uchungu ulivyo. Hata mimi alipokufa mume wangu nilikataa siku tatu."

"Hajafa mtu! Ule ulikuwa wimbo!"

"Ameanza kusikia nyimbo," mmoja akasema. "Mleteeni maji."

Nikanyweshwa maji. Nikapepewa kwa mfuniko wa sufuria. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kunibana, na wa kwenye kichwa alikuwa na mapaja mazito. Jaribuni siku moja kumshawishi mama aliyefunga meza yake ya nyanya kwamba hujafiwa. Mtarudi kunisimulia.

Akaja mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Lubinza, kofia mkononi. Akachuchumaa.

"Kijana, jikaze, wewe ni mwanaume. Tuambie tu, mwili wa mzee uko hospitali au umeshafika nyumbani?"

"Mzee yupi?"

"Baba yako."

Mwezi uliopita baba alilazwa kwa ajili ya presha. Mama Sabina alijua, kwa sababu nilimuaga nikienda kumwona. Basi wenyewe walikaa chini ya turubai, wakajumlisha presha na kilio, wakapata jibu.

Nikachomoa mkono mmoja, nikauingiza ndani ya joho, nikatoa simu, nikampigia baba. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

"Hata sisi tumempigia," Mama Sabina akasema taratibu. "Nikampigia yule jirani yake mwenye duka, ulinipa namba yake mzee alipolazwa. Nikamwambia kuna msiba huku kwa Shija. Akasema 'Mungu wangu,' akakata."

Watu hamsini wanalia. Simu haipatikani. Mwenye duka kasema Mungu wangu. Nikaanza kufikiri: labda wenzangu wanajua kitu. Si ndivyo tunavyofanya siku zote? Mfiwa ndiye wa mwisho kuambiwa. Anakalishwa kwanza, anapewa maji, anashikwa mikono, ndipo anaambiwa. Nikajitazama. Nimekalishwa. Nimepewa maji. Nimeshikwa mikono.

Basi nikalia. Na safari hii hapakuwa na Kilatini.

Nililia jamani. Niliangua kilio mpaka kamasi zikachanganyika na unga. Nikasema mambo ambayo sitakaa niyarudie. Nikasema, "Baba nisamehe! Ng'ombe wako nilimla kwa uongo! Si kwaya peke yake! Natengeneza nyimbo za mizimu ya Ulaya, baba!" (Kwa uchungu nilishindwa kuieleza gothiki vizuri.)

"Ng'ombe gani tena?" nikasikia mtu anauliza.

"Mwacheni," Mzee Lubinza akajibu. "Mfiwa husema lolote."

Ndipo pikipiki ikaingia mbio, ikapita katikati ya viti, ikasimama karibu na mafiga. Akashuka mzee mmoja, kandambili mguu mmoja, mguu wa pili peku, vifungo vya shati kavikosea vyote. Analia kwa sauti.

"Shija! Ng'wanawane! Mwanangu! Kwa nini umeniacha mimi mzee?"

Alikuwa baba.

Kumbe yule mwenye duka alimkimbilia shambani akamwambia, "Mzee, kuna msiba Mwanza kwa Shija." Na kwa Shija anaishi Shija peke yake. Mzee akatupa jembe, akapanda pikipiki. Simu ameiacha dukani inachajiwa.

Watu walipomwona marehemu anashuka kwenye pikipiki, kilio kilikatika. Mama Sabina akaangusha mwiko. Wale walionishika wakaniachia wote kwa pamoja. Nikasimama juu ya mkeka, joho jeusi, uso mweupe, wanja umetiririka mpaka shingoni. Baba akageuka akaniona. Akarudi nyuma hatua mbili, akashika kiti.

Tukatazamana. Mwenzangu anajua mimi nimekufa. Mimi najua yeye ndiye amekufa. Lakini malezi ni malezi.

"Shikamoo, baba."

"Ma... marahaba." Akanichungulia usoni. "Wewe ni mzima?"

"Mzima. Wewe je?"

"Mimi nilikuwa napalilia mihogo."

Nikamrukia. Akanikumbatia, akanipapasa mgongo, kichwa, masikio, kama anakagua ng'ombe mnadani. Alilia, nikalia, wanawake nao wakalia upya, safari hii hata wenyewe hawajui wanalia nini. Na hapo ningependa kisa kiishie. Hakikuishia.

Mzee Lubinza alikohoa. Mjumbe ni mjumbe.

"Nashukuru Mungu mko wazima wote. Sasa aliyekufa ni nani?"

Watu hamsini wakanigeukia.

"Hakuna, mzee."

"Na yule mama aliyekuwa analia kule kwenye mawe ni nani?"

"Ni mimi."

"Sauti ya kike ile?"

"Ni mimi, mzee."

Nyuma huko mtu mmoja akacheka puani. Akajaribu kukibana kicheko, kikamshinda. Kikaenda kwa jirani yake. Mama Sabina hakucheka. Alitazama sufuria lake, akasema, "Tuusikie huo wimbo. Mimi nimefunga meza kwa ajili yake."

Nikasema spika imeharibika. Binti mmoja akasema yeye ameisikia mara tisa, haina ubovu. Ikaletwa. Ikawekwa chini ya turubai, mbele ya baba yangu, ambaye alikuwa ameketishwa kiti cha mbele na kupewa chai. Nikabonyeza.

Wajane wangu kumi na wawili wakaanza kulia kwa Kilatini. Watu wakatikisa vichwa, wakakubali kwamba kweli kile kilikuwa kilio, asilaumiwe mtu. Halafu ikafika dakika ya pili, midundo ikaingia. Duf! Duf! Duf! Na magitaa. Bibi mmoja akatikisa mabega mara mbili, akajishtukia, akajifunga khanga upya.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini.

"Huyo wanayemlilia ni nani?"

"Mpiganaji mmoja wa Ulaya, baba. Alikwenda vitani hakurudi."

"Lini?"

"Kama miaka mia nane iliyopita."

Akafikiri. "Na mpaka leo hamjaanua matanga?"

Turubai lilicheka lote. Wanaume walianguka kwenye viti. Mzee Lubinza alitoa leso akafuta machozi. Mimi niliutazama mkeka, nikaihesabu mistari yake. Baba peke yake hakucheka. Akasema, "Kwa hiyo ng'ombe wangu ndiye huyo anayelia humo ndani."

"Ndiyo, baba."

Akanyamaza. Ule unyamavu wake. Nikajua nimekwisha.

Mjumbe akaamua kwamba ugali umeshasongwa na mboga imeiva, haviwezi kumwagwa kwa sababu marehemu amekosekana. Watu wakala. Baba alikula vizuri kuliko wote, tena kila aliyepita alimpa mkono na kumwambia pole kwa kuwa hai. Mimi nilipewa kazi ya kuosha masufuria, na joho langu vile vile, maana Mama Sabina alikataa nibadilishe mpaka kazi iishe.

Jioni nilimsindikiza mzee barabarani akapande gari la Misungwi. Njia nzima kimya. Mimi natembea nyuma yake nikiwa nimejiandaa kurudisha kinanda. Gari lilipokaribia akasimama.

"Shija."

"Naam, baba."

"Siku nikifa kweli, huo wimbo usinipigie."

"Sawa, baba."

"Wewe lia tu kama ulivyolia leo. Nilikusikia tangu barabarani kabla pikipiki haijakata kona. Nikasema huyu anayelia hivi, aliyekufa alipendwa." Akapanda, akakaa dirishani. "Na hiyo midundo ipunguze kidogo. Wajane hawasikiki."

Gari likaondoka. Mimi nikabaki nimesimama barabarani na joho, watu wananipa pole wanapita, na kila mmoja nikamwitikia asante.

Wimbo nimepunguza midundo kama alivyoagiza fundi mkuu wa Misungwi, nitauweka humu kesho. Mkitaka kucheka chekeni. Ila wa Mkolani mkiusikia, nawaomba kwa magoti: shusheni kuni, rudini nyumbani.