Kabureta Tatu za Darshan

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimeona manifoldi ya kabureta tatu! Ipo kwa Darshan, karakanani kwake mtaa wa Hockley, imetupwa rafuni pamoja na kabureta zake, kama sufuria iliyotoboka. Na Jumapili ni maonyesho ya chama chetu cha hotrodi, yaani magari ya kale yaliyotiwa injini za kukimbia. Ford yangu ya mwaka 1934 ina kila kitu cha zama zake isipokuwa hicho kipande, kinachokaa juu ya injini na kubeba kabureta. Yangu inabeba kabureta moja. Moja! Kama mashine ya kukatia majani. Na sheria ya chama ni kali: kila kinachoonekana kiwe cha kabla ya 1955.

Jumanne, 10 Juni

Darshan mwenyewe ameniita niitambue. Anadhani najua, kwa kuwa nazungumza sana mikutanoni. Nikaigeuzageuza. Alumini inayokwaruza kidoleni, kama walivyoimimina zamani kwenye kalibu za mchanga. Jina la kiwanda limejitokeza. Kila kabureta inakalia bolti tatu. Halisi kabisa! Moyo ulinidunda. Nikakunja uso, nikasema pole sana bwana, feki, imetengenezwa juzi tu.

Akanywea. Nikajitolea kumwondolea asije akaaibika mbele za watu. Akanishukuru! Akanifungia na sambusa za mkewe, Dipika. Tamu kuliko zetu. Asmahan, mke wangu, asisome hapa.

Ijumaa, 13 Juni

Bolti zangu za Kimarekani zimekataa kuingia kwenye manifoldi. Zinazunguka kidogo, zinakwama. Nikatukana. Asmahan akafungua dirisha.

“We Baba Aida, huna haya? Bordesley Green yote inakusikia!”

Halafu, bahati! Kwenye kopo la vipuri nikakuta bolti za Toyota yetu. Zikaingia zote, laini, kama zilizaliwa humo. Sikujiuliza kwa nini. Mtu akipewa bahati haihoji.

Jumapili, 15 Juni

Maonyesho, Perry Barr. Nimefungua boneti mapema. Kabureta tatu, mstari mmoja, zinang'aa. Watu wamejaa. Raha!

Mara Darshan huyo. Akaitazama injini. Akanitazama mimi. Akairudia injini. Nilisahau kwamba naye ni mwanachama! Hilo sikulipigia hesabu.

Sijafungua mdomo, mkaguzi akafika. Anaitwa Denise, mwanamke aliyefanya kazi ya kuchonga vyuma mpaka akastaafu. Akafungua bolti moja, akaipima.

“Milimita,” akasema.

Akaeleza mbele ya watu wote kwamba manifoldi ya Kimarekani ya zama zile ingekula bolti za inchi. Hii ni nakala. Nzuri, lakini changa. Nimetolewa mashindanoni! Nilitamani kuingia chini ya gari.

Ndipo Darshan akapaza sauti. “Lakini Maulid alijua! Aliniambia Jumanne, kwa kuishika tu!”

Denise akauliza kwa nini basi nimeifunga. Nikajibu, sijui jibu lilitoka wapi, kwamba nilitaka kuona kama wakaguzi wetu wako macho.

Makofi! Darshan alipiga mpaka viganja vikawa vyekundu.

Jumanne, 17 Juni

Chama kimenifanya mtambuzi wake rasmi wa vipuri. Asmahan alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni akabisha Gaston, Mkongo wa chama chetu, mpole, haamini macho yake bila ya mtu mwingine kumthibitishia. Amekumbatia manifoldi ya kabureta mbili, ameinunua kwenye mnada wa mabaki ya gereji.

“Ndugu Maulid, iko muzuri?”

Sasa mimi si mtu wa kubahatisha tena. Nikachukua bolti ya inchi, nikaijaribu. Ikaingia mpaka mwisho! Ya kale, haina ufa, halisi. Niliipapasa muda mrefu, Gaston kabana pumzi.

Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Nikamwambia asijisumbue kurudi nayo nyumbani.