Dume la Sauti Nzito

Jumanne, 3 Machi
Habari mbaya. Shemeji, kaka wa mke wangu na dereva wa lori la kifusi, kaniambia huku anatabasamu kwamba kinamasi ninachokilinda kitafukiwa. Kitapona tu iwapo mtafiti wa vyura anayekuja atamsikia yule chura adimu wa matete kabla ya Ijumaa. Nimekaa ukingoni kutwa nzima. Kimya. Mwaka jana vyura hao walitaga mayai ndani ya mapovu meupe juu ya matete, viluwiluwi vikawa vinadondoka majini kimoja kimoja, nami nikasahau kurudi nyumbani. Nakipenda mno kinamasi hiki.

Jumatano, 4 Machi
Nimepata wazo. Chura asipolia, nitalia mimi! Mazoezi bafuni. Sauti nzito, ya kifuani. Mke wangu kagonga mlango kuuliza nimekula nini tena. Nimemjibu ni mambo ya kazini.

Alhamisi, 5 Machi
Usiku ilinyesha. Alfajiri nikajificha kwenye matete, maji kiunoni. Mtafiti kaja na kinasa sauti, shemeji nyuma yake, eti kushuhudia. Nikalia. Raha iliyoje! Ukungu ulinifunika, maji yalikuwa vuguvugu, na kwa kitambo nikasahau kuwa nina mke na buti.

Kisha nikamsikia mtafiti akimweleza shemeji, kwa huzuni, kwamba chura wa matete hazidi ukucha wa kidole gumba, na mlio wake ni kama kijiko kinachogonga kikombe. Dume hili la sauti nzito ni chura mgeni, anayekula wenzake. Huenda wadogo wameshaliwa wote. Shemeji akasema basi kesho analeta lori.

Nikanyamaza. Nililia, safari hii kwa machozi. Kinamasi changu nimekimaliza mwenyewe.

Halafu, karibu na sikio langu: ti. Ti. Ng'ambo akajibu mwingine. Polepole kinamasi kizima kikawa kinagonga vijiko ndani ya ukungu. Mtafiti akasema walikuwa kimya kwa kuliogopa lile jitu. Shemeji akaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 6 Machi
Lori halikuja. Mtafiti kaniagiza nimsake chura mgeni. Nimemsaka kwa bidii, sijaona hata unyayo.

Hoja yake ya woga siikubali. Ni wazi walisikia sauti ya kiume, wakapata moyo. Kesho anakuja kusikiliza korongo, ambao hawajaonekana siku nyingi. Masikini, hajui ana bahati gani. Nimeshajifungia bafuni, na mke wangu anagonga mlango.