Kidole cha Daktari Elisaria

Ilikuwa siku ya mnada Karatu. Elisaria alikuwa ameegemea ukuta wa bucha ya Emilian, akiwaza atakula mchana kwa mfuko wa nani, alipouona mkono wa chuma ukinyanyua kiroba cha vitunguu.

Mwenye mkono alikuwa Mama Selestina, mkulima wa Baray. Mkono wake wa kulia ulichukuliwa na mashine ya kupukuchua mahindi alipokuwa msichana, na tangu hapo alivaa wa bandia, wa mtindo wa zamani: gamba la plastiki la rangi ya chai ya maziwa, mikanda ya begani, na mwishoni kulabu ya chuma yenye vidole viwili. Akiinua bega, waya unavutika na kulabu inafunguka. Akilishusha, mipira iliyovishwa shingoni mwa kulabu inaifunga. Kwa mkono huo alikuwa amelea watoto watano na kufunga magunia ya vitunguu yasiyo na idadi.

Elisaria hakuyaona hayo. Aliona dola. Jana yake, kwenye lodge moja ya njia ya Ngorongoro alikokwenda kujipendekeza apewe kazi ya kutafsiri, mzee mmoja mzungu alimwonyesha picha za kulabu za zamani kwenye simu. Mzee huyo alizikusanya kama wenzake wanavyokusanya stempu. Moja ilikuwa imemsumbua miaka kumi, yenye K12 imegongwa kwa ndani, na aliyenayo angepewa dola mia nne taslimu. Gari lake lilikuwa linaondoka leo saa saba mchana.

Sasa ilikuwa saa nne. Elisaria akaingia buchani, akaazima koti jeupe la Emilian, na bila kumsumbua mwenyewe akaazima pia kulabu moja ya kutundikia nyama. Kwa fundi pancha wa jirani akajipatia koleo na pete za mpira. Kijana wa Kichaga, Mangi wa Machame, akishaonja harufu ya dili, adabu ndogo ndogo husubiri.

"Shikamoo mama. Naitwa Daktari Elisaria, kitengo cha mikono ya zamani. Tunatambua vipuri vilivyochoka na kubadilisha."

"Marahaba. Kitengo chenyewe kiko wapi?"

"Kinatembea."

Mama Selestina akamkagua kuanzia kola hadi ndala. "Na hiyo damu kwenye koti?"

"Upasuaji wa asubuhi."

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ametulia kabisa," akajibu Elisaria, na hapo hakudanganya, maana mgonjwa alikuwa ametundikwa buchani nusu kwa nusu.

Mama akaweka kikapu chini. "Basi Mungu amekuleta. Huu waya umeanza kuachia nyuzi, mwaka mzima naubembeleza. Na humu kikapuni nina kulabu nyingine, ya kwanza kabisa kupewa. Imelegea, haishiki hata shuka. Iangalie na hiyo."

"Hiyo itakuwa skrepa tu, mama," akasema Elisaria bila hata kugeuza shingo. "Tuanze na hii."

Akaanza na mipira, kwa sababu tiba isiyoonekana haimridhishi mtu. Akatoa pete sita nene za mpira na kuzivisha juu ya nne za zamani, moja moja, huku akihema.

"Hizi zimetoka Ujerumani."

"Mbona zinanuka pancha?"

"Na Ujerumani wanapata pancha, mama. Sasa inua bega, niisome namba."

Mama akainua bega, na kwa shida kulabu ikafunguka. Ndani kulikuwa na utomvu wa vitunguu wa miaka mingi. Elisaria akachomeka kidole cha shahada apapase maandishi. Palikuwa na herufi. Palikuwa na tarakimu mbili. Akaona asipoteze muda, akashika koleo kwa mkono wa kushoto.

Hapa lazima tumwonee huruma kidogo, maana alifikiri kama mtu yeyote aliyekulia juu ya baiskeli. Ukivuta waya wa breki, breki inabana. Ukiukata, inalegea. Kwa hiyo akaukata waya, ili kulabu ilegee aifungue taratibu, aweke ya bucha mahali pake.

Kulabu ilimdaka kidole. Elisaria akatoa sauti ambayo mbuzi wa mnadani waliiitikia.

"Inua bega, mama."

"Nimeliinua."

"Inua tena."

"Hata nikiruka, mwanangu. Cha kufungulia ndicho umekata."

Koleo lilikuwa limeanguka. Mama akaliokota kwa mkono wake mzima ili akate ile mipira, maana bado alikuwa na huruma, na ndipo akaona kinachong'aa mfukoni mwa koti. Akakichomoa.

"Na hii?"

"Ya kisasa," akasema Elisaria kwa sauti ndogo.

"Hii ni ya Emilian. Ina mafuta ya ng'ombe." Mama akatia kulabu ya bucha na koleo kikapuni. Hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha Elisaria kuliko matusi. "Kesho lori linakuja shambani kwangu. Ulitaka nifunge magunia kwa ndoano ya nyama? Vitunguu vyangu viozee barabarani, wewe ukiwa wapi? Huu ni mkono wangu, Mangi. Sina mwingine."

Udaktari ukawa umekwisha. Mama akaanza kutembea, na Elisaria akafuata akiwa ameinama, kwa sababu kidole hakikumpa nafasi ya kushauriana. Kabla hawajafika duka la vipuri vya baiskeli la Remigius alikuwa ameshasema yote: mzungu, picha, K12, dola, saa saba. Akalipia waya mpya wa breki kwa mkono wa kushoto.

"Nikufungie sasa hivi, mama?" akauliza Remigius.

"Bado. Huyu anajua Kiingereza."

Bajaji ikawafikisha lodge saa sita na nusu. Mzee mzungu alikuwa anapakia begi. Mama akaingiza mkono kikapuni, akatoa ile kulabu iliyolegea. Mzungu akaifuta kwa kitambaa, akaigeuza, akavaa miwani, akaivua, na macho yakamlowa. K12. Elisaria akaona dunia imemwonea waziwazi.

"Anasemaje?" akauliza Mama.

"Anasema dola mia mbili."

Mama akanyanyua mkono wa chuma kidogo tu.

"Samahani. Mia nne."

Mzungu akahesabu, kisha akamnyooshea Elisaria kidole na kuuliza jambo.

"Anauliza kwa nini umenishika."

"Mwambie unaonyesha nguvu ya mipira."

Elisaria akatafsiri. Mzungu akasifu sana, akataka kujua mipira mizuri hivyo inatengenezwa wapi.

"Ujerumani," akasema Elisaria, na chozi likamdondoka.

Gari lilipoondoka, Mama Selestina akakaa kwenye ngazi, akapitisha waya mpya kwa mkono mmoja na meno, akakaza skrubu kwa lile koleo. Dakika tatu hazikufika. Miaka yote hiyo hakuwahi kuhitaji fundi, alihitaji wa kumnunulia waya. Akainua bega, kulabu ikafunguka.

"Asante, daktari. Mipira nabaki nayo. Inashika vizuri."

Elisaria akarudi buchani kwa miguu. Kidole kilikuwa kimevimba, na juu ya ngozi, kinyumenyume, palikuwa pamegongwa M30. Haikuwa hata ile.

"Umeumwa na nini?" akauliza Emilian.

"Na mgonjwa. Naomba barafu."

"Barafu ni ya nyama," akasema Emilian, akapokea koti lake, akatazama juu zilikotundikwa kulabu zake, akazihesabu mara mbili, kisha akauliza moja iko wapi.