Kidole cha Mashine Namba Kumi na Saba

"Jamani, mtu akishinda, ameshinda, au ameomba kushinda?"

Aliyeuliza ni Profesa, muuza rangi. Uprofesa alipewa na benchi kwa sababu hulisoma gazeti lote, mpaka matangazo ya vifo, kabla ya kulichana kufungia brashi. Benchi lenyewe liko mbele ya kibanda cha fundi saa aitwaye Dakika Mbili. Kila mteja huambiwa arudi baada ya dakika mbili, na wapo wanaorudi mwaka wa pili sasa.

"Soma tusikie," akasema Wembe, kinyozi wa kibanda cha jirani.

"Imeandikwa hivi: 'Mashine yatema mamilioni, kasino yasema subiri kwanza.' Jana mchana, mashine namba kumi na saba. Imelia, imewaka taa, imeimba. Halafu wakaja wanaume wawili wakaifunika shuka."

Dakika Mbili alikuwa ameinamia saa ya mteja, mkononi amevaa nyingine tano zilizopanda mpaka karibu na kiwiko. Ndivyo afanyavyo kazi: saa akishaitengeneza huivaa siku nzima aone kama kweli inakwenda. Aliposikia kumi na saba, skrubu ilimponyoka ikatumbukia kwenye kikombe cha kahawa.

Sababu alikuwa anaijua mwenyewe. Kidole kilichobonyeza ile mashine kilikuwa chake. Hela aliweka rafiki yake Bonge, fundi cherehani, lakini Bonge anaamini mkono wake una mkosi, akamwambia, "Ndugu yangu, nibonyezee wewe." Akabonyeza. Mashine ilipoanza kulia, Dakika Mbili alitoka mbio kama mwizi, maana mwezi uliopita alimwapia mkewe, tena mbele ya mama mkwe, kwamba kasino hataikanyaga tena mpaka anaingia kaburini. Na mkewe, Mama Pacha, ndiye muuza kahawa wa benchi hilo. Alikuwa amesimama pale pale na chupa yake kubwa nyekundu, anamimina.

"Skrubu hiyo unaimeza au unaitoa?" akamuuliza mumewe.

"Naitoa, mama."

Mara Bonge akatokea, jasho linamtiririka, shati limetoka nje ya suruali. Alijibwaga kwenye benchi mpaka Profesa akanyanyuka kidogo upande wa pili.

"Wamelipa?" Wembe akamrukia, maana benchi zima lilijua hela iliyowekwa kwenye mashine ile ilikuwa ya Bonge.

"Walipe nini! Wametaka kitambulisho, nimetoa. Wametaka jina la bibi mzaa baba, nimetoa. Mashine wameifungua kwa funguo mbili. Mmoja anao bwana mmoja, wa pili anao bwana mwingine, na hao mabwana hawasalimiani."

"Makusudi hiyo," akasema Profesa. "Wakisalimiana wataelewana."

"Wamechomoa kitu ndani, kidogo kama ukucha. Eti ndio ubongo wa mashine. Wanaulinganisha na ubongo uliobaki kiwandani, waone kama haujachezewa. Na ukutani wameandika: ikiwa mashine ina hitilafu, malipo yote yamefutwa."

Wembe alisimama. "Mimi nimeilisha kasino ile miaka mitatu! Hakuna siku hata moja waliyoifungua mashine waangalie kama nimepoteza kwa hitilafu!"

"Ukipoteza, mashine ni nzima," alisema Mama Pacha, anamimina tu. "Ukishinda ndio inaumwa."

Benchi lilicheka. Bonge na Dakika Mbili hawakucheka.

"Ubongo umeonekana mzima," Bonge akaendelea. "Tatizo lipo kwenye kidole. Kamera ya darini inaonyesha aliyebonyeza siyo mimi. Na kwao wao, mshindi ni mwenye kidole. Akijitokeza leo kabla ya saa kumi, wanalipa, tunagawana nusu kwa nusu. Asipojitokeza, hela inabaki kwao."

Akamkazia macho Dakika Mbili. Dakika Mbili akamkanyaga mguu.

"Sasa si umtaje!" Profesa akang'aka.

"Niliapa sitamtaja."

"Watu wa kasino umewaambia nini?"

"Nimewaambia ni mkono tu ulipita."

"Mkono ulipita! Bila mwenyewe?"

"Mwenyewe sikumtazama. Nilikuwa natazama yale matunda yanavyozunguka."

Wembe akakohoa kikohozi cha mtu mwenye siri nzito.

"Sikutaka kusema, lakini hali imefika hapa. Ule mkono ulikuwa wangu."

"Wako?" Profesa akageuka mzimamzima. "Jana mchana mkono wako si ulikuwa kichwani kwangu, unaninyoa?"

"Nilikunyoa kwa mmoja. Ndio maana upande huo umebaki na nywele."

Profesa akajipapasa kichwa. Kweli, upande mmoja ulikuwa na nywele. Akafikiri, kisha akaketi wima. "Basi kama wewe hukuwepo, na mimi sikuwepo. Nilitoka kidogo wakati unatafuta mkasi. Kidole ni changu."

"Ulitoka na shuka la kunyolea shingoni?"

"Kasino hawana sheria ya mavazi!"

Dakika Mbili aliwasikiliza huku roho ikimuuma. Nusu ya hela ile ingewasomesha pacha wake mpaka wamalize, na hapa watu wawili walikuwa wanakigombania kidole chake mwenyewe mbele ya macho yake. Akamtazama mkewe. Alikuwa anampenda na kumwogopa vyote kwa pamoja, na siku hiyo woga ulikuwa mbele. Akafumbua mdomo.

"Unasemaje?" Mama Pacha akauliza.

"Nasema sukari imezidi."

Wakati huo huo bwana mmoja mwenye tai na faili alikuwa anavuka barabara. Bonge akanong'ona, "Huyo ndiye mhakiki wao." Mama Pacha alipomwona, aliisukuma chupa yake kwa mguu mpaka chini ya benchi, akavua mtandio akaifunika. Dakika Mbili akazidi kunywea. Kumbe mke wangu amewachukia kiasi hiki, akawaza, hata kahawa hataki kuwauzia!

"Habari zenu. Natafuta kidole," akasema mhakiki.

Vidole viwili vikaenda juu.

"Uso kwenye picha hauonekani, kofia imeuziba. Lakini mkono umevaa saa tano."

Wembe na Profesa waliruka dirishani pa kibanda kama watu wanaokimbia moto. Wakazoa saa za wateja, za kike na za kiume, wakajifunga. Dakika Mbili naye alikuwa amejipenyeza ndani ya kibanda, anazivua zake haraka haraka na kuzitumbukiza kwenye droo. Tangu afungue kibanda hajawahi kufanya kazi upesi vile.

"Wewe umevaa sita," mhakiki akamwambia Wembe.

"Ya sita nimenunua leo."

"Vizuri. Mashine ililia saa ngapi?"

Wembe akautazama mkono wake kuanzia chini kupanda juu. "Saa tatu. Au saa nane kasoro. Hii imesimama. Hii nayo... hii inarudi nyuma, jamani!"

"Kwangu mimi ni saa moja unusu," Profesa akajaribu, "kwa wastani."

"Saa moja unusu gani!" Dakika Mbili yalimtoka kabla hajayazuia, maana kuna mambo fundi saa hawezi kuyavumilia. "Ilikuwa saa sita na dakika kumi na moja, sekunde arobaini!"

Mhakiki alitazama kwenye faili. Kisha akautazama mkono wa Dakika Mbili, ambao ulikuwa na mistari mitano ya ngozi isiyoona jua.

"Wewe umejuaje?" akauliza Mama Pacha, taratibu sana.

Basi fundi saa akatoka nje ya kibanda, akapiga magoti palipomwagika kahawa. "Mama Pacha, nisamehe. Nilibonyeza mara moja tu. Niliapa na kiapo nimekivunja, na tangu jana chakula hakipiti. Hela yote wape pacha, mimi nipe hata adhabu ya kulala jikoni."



"Vizuri sana," akasema mhakiki, anaandika. "Kitambulisho chako, sahihi hapa. Sasa kimebaki kitu kimoja, shahidi. Pichani kuna mama ameketi mashine ya pembeni, namba kumi na nane. Uso ameubandika kwenye kioo cha mashine, hatujamtambua. Ila miguuni pake kuna chupa kubwa nyekundu ya kahawa."

Bonge akainama polepole, akanyanyua mtandio.

Dakika Mbili alikuwa bado amepiga magoti. "Jana si uliniambia umempelekea karani kahawa ofisini?"

"Nilimpelekea. Karani alikuwa mashine ya kumi na tisa."

"Mke wangu! Na hukuniona?"

"Na wewe uliniona?"

"Mashine inazunguka, nitamwona nani!"

"Basi na mimi hivyo hivyo." Kisha sauti ya Mama Pacha ikapasuka, machozi yakamtoka ya kweli. "Kumi na saba nimeikalia mimi tangu saa tatu asubuhi! Nimeilisha hela ya kahawa, nimeilisha hela ya sukari, nimeibembeleza kama mtoto! Nimehama kiti kimoja tu, mnakuja na kidole chenu mnavuna!"

"Kwa hiyo unadai?" mhakiki akauliza, kalamu hewani.

"Nadai!"

"Lakini ni mke wake!" Bonge akapiga kelele. "Hela inalala nyumba ile ile!"

"Dai ni dai, bwana." Mhakiki akafunga faili. "Mashine inafunikwa tena, uhakiki unaanza upya. Kuanzia ubongo."

Akavuka barabara akaenda zake. Bonge akaketi chini, siyo kwenye benchi, chini kabisa. Wembe na Profesa walianza kuvua saa bila kutazamana.

Mama Pacha alijifuta uso, akaitoa chupa yake chini ya benchi. "Nyanyuka," akamwambia mumewe. "Lete na kidole chako."

"Tunakwenda wapi?"

"Kumi na nane. Niliiacha imekaribia."

Dakika Mbili akanyanyuka, akafunga kibanda, akatundika mlangoni kile kibao chake cha siku zote: Narudi baada ya dakika mbili.