Nusu ya Pili ya Neno

Jumatatu, 9 Juni

Jumapili hii nawekwa wakfu kuwa mzee wa kanisa! Joho jeusi liko kabatini, mke wangu, Mama Tiur, ameshalipiga pasi. Mwaka jana pia alilipiga pasi. Kisha Mchungaji Sinambela akanikuta kilabuni, povu la tuak, pombe yetu ya kugema, mdomoni, nikimwimbia mbwa nyimbo za Krismasi. Joho likarudi kabatini. Mama Tiur hakunisema hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Leo Mchungaji amerudia sharti: atakayeonja tuak kabla ya Jumapili atangoja mwaka mwingine. Ametupa Neno la kushika, kutoka barua ya Yakobo. Nimeshika nusu ya pili: umpinge Ibilisi, naye atakukimbia. Nusu ya kwanza nimeiacha. Mapambano yote yako kwenye ya pili.

Kinachonikera ni kimoja. Tunawekwa wakfu wawili! Mwenzangu ni jirani, Baba Rumondang. Sauti ya besi, Neno zima kichwani, hajawahi kuimbia mbwa. Nikisimama kando yake, nani ataniangalia mimi?

Jumanne, 10 Juni

Jaribu la kwanza. Natoka shambani, vitunguu mgongoni, napita kilabuni. Gitaa linalia. Harufu ya saksang, nguruwe aliyepikwa kwa viungo, imejaa njia nzima. Wakaniita, wakasema bakuli langu linaota utando wa buibui. Nikasema Neno kwa sauti. Nikangoja. Ibilisi hakukimbia, aliongeza pilipili. Basi nikakimbia mimi, vitunguu vikidondoka njiani.

Nimemwuliza Mama Tiur kama hiyo inahesabika. Amesema inahesabika. Ushindi!

Nikiwa naokota vitunguu, wazo likanijia. Zuri mno! Baba Rumondang havutwi na kilabu. Lakini kwetu Wabatak, nani anaweza kumkatalia ndugu wa mkewe? Hao ndio waliokupa mke, baraka zako ziko mikononi mwao. Wakikunyooshea bakuli, unapokea kwa mikono miwili na unashukuru. Na mke wa Baba Rumondang ni binti wa Sitorus, kaka yake ni Baba Saut wa Porsea, mgema tuak hodari kuliko wote huko!

Nimempigia simu, pua nimeibana. Nikajitambulisha kuwa msamaria fulani wa kanisani. Nikamwambia shemeji yake anatamani sana kubarikiwa kabla ya Jumapili, ila anaona haya kusema. Na asisahau dumu la tuak. Baba Saut alifurahi hadi sauti ikamtetemeka. Anakuja Alhamisi.

Jumatano, 11 Juni

Mazoezi ya kwaya. Baba Rumondang ameisifu sauti yangu mbele ya wote. Halafu kaniletea parachichi za kwake, kubwa, zimeiva vizuri. Mtu mbaya sana huyu. Anataka nimwonee huruma.

Nimekula tatu. Sikumwonea.

Alhamisi, 12 Juni

Niandike taratibu.

Asubuhi nilikaa njia panda ili nione dumu likipita. Likaja kweli, kwenye pikipiki, na Baba Saut nyuma yake. Tukasalimiana, horas, horas. Akauliza nyumba ya Baba Rumondang. Nikamwonyesha kwa kidole, haraka haraka. Lakini mtu mzima hapa hakuachi hivihivi, lazima mjuane kwanza. Akauliza ukoo wangu. Sihotang, nikasema. Akauliza mama yangu ni binti wa nani.

Hapo ndipo damu iliponikauka. Mama yangu ni binti wa Sitorus! Ukoo huohuo, tawi lilelile! Nimepanga, nimebana pua, nimesahau tumbo lililonizaa! Tulihesabu vizazi palepale barabarani, na ikatoka wazi kwamba Baba Saut ni mjomba wangu. Ni mdogo kwangu kwa umri, lakini mjomba ni mjomba, na bakuli lake nalo halikataliwi. Akanikumbatia. Akasema kwa shemeji atakwenda baadaye, kwanza ambariki mpwa wake.

Dumu likaingia kwangu! Mkeka ukatandikwa. Samaki wa ziwani kwenye sinia, mwekundu kwa viungo, kichwa kikinielekea mimi. Mjomba akaninyunyizia mchele kichwani, akaomba nipate maisha marefu. Nilikuwa karibu kulia kwa raha. Kisha akamimina bakuli. Povu likapanda. Ee Mungu wangu, lile povu!

Akaninyooshea. Mikono yangu ikaenda yenyewe. Nikaona joho, limekunjwa, linarudi kabatini. Nikafumba macho nikatoa silaha yangu.

“Umpinge Ibilisi!”

Mjomba akashusha bakuli polepole.

“Mpwa wangu,” akasema, “ni mimi huyo?”

Nikatamani ardhi inimeze. Nimemtukana mjomba na baraka zake bado ziko kichwani kwangu, punje kwa punje. Mama Tiur akatoka jikoni, akifuta mikono kwenye kanga. Nikadhani atanisema. Hakunisema. Aliniinamia sikioni.

“Baba Tiur, umeanzia katikati. Kabla ya kumpinga Ibilisi, Neno linasema umtii Mungu. Mtii, basi. Mwambie mjomba ukweli.”

Sikuwa na mpango wowote. Hata mmoja! Nikamwambia mjomba kwamba nimeahidi mbele ya Mungu, kwamba mwaka jana nilivunja ahadi na mke wangu akalikunja joho bila kusema neno, na kwamba sitaki kuyaona tena macho yake ya siku ile. Nikamwomba anisamehe, anibariki kwa maji.

Mjomba akamwaga lile bakuli uani, akaomba maji, akaninyooshea kwa mikono miwili. Nikanywa. Akanivisha ulos, kitambaa cha baraka, mabegani. Maji yale yalikuwa matamu, sijui kwa nini. Mama Tiur alirudi jikoni ghafla. Nilimsikia akipenga kamasi.

Nimeshinda! Mimi! Bakuli la mjomba mwenyewe!

Ijumaa, 13 Juni

Nimeharibu kila kitu.

Nimesikia habari za kwa Baba Rumondang. Mjomba alifika pale jana jioni akamimina maji tangu mwanzo. Akasema mpwa wake amemfunza! Baba Rumondang amenijia asubuhi, machozi yanamtiririka. Ati alipoona dumu alijua asingeweza kumkatalia ndugu wa mkewe. Ati angeanguka. Ati nimemwokoa.

Nimemwokoa! Ningekunywa lile bakuli moja tu, mjomba angempelekea tuak naye angekwisha!

Amenikumbatia. Ana mikono mizito. Amesema pia angependa kumjua msamaria aliyepiga simu, amshukuru. Mama Tiur akaniangalia pua. Nikakohoa.

Tuak iliyobaki mjomba aliwamwagia nguruwe. Wamelala hadi adhuhuri. Nao hawafai kuwa wazee wa kanisa.

Jumapili, 15 Juni

Kengele! Kwaya! Joho limenikaa sawasawa! Mchungaji ameniwekea mikono kichwani, kisha akalisimulia kanisa zima habari ya bakuli la mjomba. Watu wakageuka kuniangalia MIMI. Mjomba alikuja toka Porsea, amekaa mbele. Mama Tiur alilia waziwazi na kunishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajafanya tangu harusi yetu. Nilijisikia mrefu kuliko mnara.

Baada ya ibada tukachinja nguruwe. Wakati wa kugawa nyama kwa heshima ya kila mtu, mwenyekiti wa wazee wa kanisa akapewa taya, kipande cha heshima kuliko vyote. Taya lote, na meno yake! Mimi nikapewa ubavu. Baba Rumondang naye ubavu, akanikatia nusu ya wake, na tabasamu lake lile.

Nimelitazama lile taya muda mrefu. Mwenyekiti anastaafu Oktoba, na mwingine atachaguliwa. Na tayari nasikia watu wanamtaja Baba Rumondang.

Nimempigia simu binamu yake wa Tarutung. Nimebana pua.

Na Neno la kunisindikiza nimeshalipata, kwa Petro. Linasema Mungu atanikweza wakati wake ukifika. Zuri sana. Mbele yake kuna maneno mengine, kitu kuhusu kunyenyekea. Nitayasoma baada ya uchaguzi.