Hotuba ya Kulifungua Jumba la Kiuno pale Kaloleni

Mheshimiwa Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kipo na nimekwisha kukisalimu. Waheshimiwa Wazee wa Baraza. Mheshimiwa Mchungaji na miwani yake mipya. Mabwana makarani wa daraja la kwanza, la pili, na sisi wa la tatu ambao ndio tunaofanya kazi. Wanyanyua vyuma wa Kaloleni. Mke wangu Nashipae. Na nyuma kabisa, akiwa amegeukia mlimani kama heshima inavyotaka, mama mkwe wangu, Mama Ndeshi wa Moshono: shikamooni mnaostahili, na wengine hamjambo! (Makofi. Sauti: "Inua chuma twende zetu!")

Chuma kitainuliwa, bwana Aminieli, tulia. Mimi Lemburis, Karani Msaidizi na Mwenyekiti wa Muda wa Kamati ya Skimu ya Nguvu na Kiuno, mwaka wa tatu sasa katika huo muda, nimesimama mbele ya ekseli hii ya lori, yenye debe la saruji kila upande, ratili mia mbili na kumi kwa mujibu wa mizani ya kahawa, ili kulifungua rasmi Jumba lenye vyumba vinne, madirisha ya vioo kumi na mawili na veranda ya kupumzikia viuno, ambamo, kwa mujibu wa ripoti niliyoiandika, nikaisoma na kuisifu mimi mwenyewe, asilimia mia moja ya wagonjwa wamepona! (Vigelegele. Sauti: "Jumba liko wapi?") Swali zuri sana, nalo litajibiwa kwa utaratibu. Mwondoeni yule mbuzi kwenye utepe.

Mabibi na mabwana, historia ya skimu hii ni historia ya kiuno changu. Mara ya kwanza kiliniteguka siku ya michezo, nilipoinua ekseli hii hii, na nikiwa nayo kifuani nikaona ni adabu kuwainamia wageni. Kikaalika: ka! Nikabebwa kwenye mkokoteni wa ndizi. (Kicheko.) Mara ya pili ilikuwa wiki tatu baadaye, maumivu yalipopungua kidogo, nikajiandikia barua rasmi ya kuthibitisha kwamba nimepona, nikaigonga muhuri, nikaiweka kwenye faili, nikaenda kuinua. Kiuno hakikuwa kimeisoma ile barua. (Kicheko kirefu.) Mara ya tatu niliinua asubuhi kwa siri, nikajiona simba, kisha saa nne ofisini nikainama kuokota kalamu, nikabaki chini ya meza nikiwahudumia wananchi kutokea hapo hadi adhuhuri, na ninasema kwa fahari kwamba hakuna aliyerudishwa bila fomu yake.

Hapo ndipo mke wangu alipotoa memorandamu yake kwa mdomo. Alisema, "Lemburis, nimekuvisha viatu miezi mitatu. Kikikatika mara ya nne, sikubebi tena hata mpaka chooni. Na hicho chuma utakiaga." (Akina mama: "Sawasawa!") Asanteni, mmesikika. Basi mjue kwamba leo, mbele yenu, ama ninarudi kwenye chuma, ama ninakiaga maisha yangu yote, na ndiyo sababu hotuba hii ni ndefu. (Sauti: "Anaogopa!") Ninaogopa, ndiyo, tena sana, iandikwe kwenye kumbukumbu!

Sasa nije kwenye upande wa kitaalamu. Anayejua viuno katika wilaya hii nzima ni mmoja tu, na huyo mmoja ndiye mama mkwe wangu. Jamani, balaa gani hili? Mnajua desturi yetu: tukikutana njiani yeye hupita huku na mimi kule, hatushikani mikono, hatutazamani usoni, sembuse anikande kiuno! Kamati ikakaa, yaani mimi nikalala, ikapitisha azimio: mgonjwa alazwe upande huu wa kiambaza cha majani ya migomba, mtaalamu akae upande ule, na Nashipae awe afisa wa mawasiliano. (Kicheko. Nashipae ajifunika uso kwa kanga.)

Basi yule mama akawa ananisikiliza pumzi. "Mwambie mumeo ainue kigoda." Ninainua. "Mwambie amebana pumzi. Amekunja mgongo, hakukunja magoti. Arudie." Hajaniona, jamani! Wiki mbili nilikuwa na kigoda, mimi bingwa wa Kaloleni! Kisha kibuyu cha maji. Kisha kichane cha ndizi, kesho yake viwili, hadi mkungu mzima, na siku nilipoharakisha akasema, "Mwambie arudi kwenye kigoda." Nililia, sifichi, nililia kwa hasira juu ya kile kigoda. Miezi saba! Na leo asubuhi nimevaa viatu vyangu mwenyewe, nikafunga kamba, nikavivua, nikavivaa tena kwa raha tu! (Shangwe kubwa. Kofia zarushwa.)

Kwa hayo machache, sasa ninainua. (Mwenyekiti avua koti, amkabidhi Mchungaji. Ashika chuma. Abana pumzi. Kutoka nyuma, bila kugeuka, sauti ya mama: "Magoti!" Mkutano mzima washika vinywa. Mwenyekiti apumua, akunja magoti, ainua. Chuma chafika kifuani. Chafika juu ya kichwa. Kelele zasikika mpaka sokoni.)

Nguvu! (Mkutano: "Na kiuno!") Nguvu! ("Na kiuno!") Ngojeni, nishukuru nikiwa nacho huku juu, maana sijawahi kujisikia vizuri hivi! Namshukuru Aminieli kwa ekseli, ambayo anaihitaji sasa hivi irudi kwenye lori lake. Nawashukuru nyote kwa kusimama kwenye veranda, ambayo ni hayo majani mnayoyakanyaga, na mbuzi kwa kutunza vyumba vyote vinne. Ile asilimia mia moja ya wagonjwa ni mimi peke yangu. Jumba halipo, wapenzi wananchi, halijawahi kuwapo. Kilichokuwapo ni kiambaza cha migomba na mama aliyekaa nyuma yake miezi saba. Mama mkwe, umevunja heshima kwa ajili ya kiuno changu, nami naivunja mbele ya watu wote: asante, mama!

(Mama Ndeshi, bado ameutazama mlima: "Nashipae, mwambie mumeo nimesikia. Sasa akiweke chini. Kwa magoti.")